Kaka, sichagui saizi moja

Kaka mambo vipi,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye daladala pale Mkuyuni konda anapiga kelele sikuambulia kitu, ya pili nimekaa nyumbani na chai. Sasa naandika maana nikirekodi hapa watoto wataingilia. Unasema kwenye treni zangu za toi nichague skeli moja, yaani kipimo kimoja cha udogo, nitulie nayo, zingine niuze. Shemeji yako naye anasema hivyohivyo, ila yeye hajui mambo ya skeli, anachotaka ni meza yake ya kulia irudi.

Jibu langu ni hapana, ila ngoja nikueleze, usicheke kwanza.

Si unakumbuka ilivyoanza? Nilienda Mlango Mmoja kutafuta jinzi, nikakuta mama mmoja kamwaga toi za mtumba kwenye turubai, magari hayana tairi, midoli haina vichwa, na katikati kuna kitu cheusi kimejaa vumbi, nikakinyanyua, kizito. Toi ya plastiki haina uzito ule bwana. Nikakigeuza tumbo juu, magurudumu ya chuma, imeandikwa Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za toi, halafu katikati kuna kibati kirefu chembamba kama ulimi, ukikibonyeza kinarudi. Mama akasema buku mbili. Nikatoa buku mbili bila kubembeleza hata kidogo, akabaki ananiangalia kama vile yeye ndo kaibiwa.

Treni zingine unazijua, ile ya kampuni ya Hornby aliyoniletea mjomba kutoka Uingereza na reli zake, zile tatu za saizi N za yule mzungu aliyekuwa anahama Capri Point, kale kadude ka saizi Z kanakoenea kwenye boksi la kiberiti, na lile furushi la reli za saizi TT ulilonicheka sana, reli nyingi na treni hakuna hata moja, zaidi ya bogi mbili, vile vigari vya chini vyenye magurudumu, za behewa lililovunjika.

Kuna siku sikukusimulia kwa aibu. Nilipima kwa vernia ya fundi wa jirani nikaona ile Märklin na ile ya Hornby geji, ule upana kati ya reli mbili, ni ileile, milimita 16.5, nikasema aah kumbe ndugu hawa. Nikaipandisha Märklin kwenye reli za Hornby, ikakaa vizuri kabisa kama kazaliwa hapo, nikawasha, adapta ikalia tiiii, harufu ya kuungua chumba kizima. Kumbe reli mbili za Hornby moja ni chanya nyingine hasi, magurudumu yake yametenganishwa ili umeme usivuke, wakati Märklin umeme anauchukua katikati kwa ule ulimi, magurudumu yote yameungana, kwa hiyo ukiyaweka pale umefunga shoti kwa mikono yako mwenyewe. Adapta mpya elfu kumi na tano, shemeji yako mpaka leo anajua ni ya radio.

Na hata ukiacha umeme, hizo mbili hazifanani mwili. Märklin ni saizi HO, yaani 1:87, ndogo mara 87 kuliko treni yenyewe, ya Hornby ni OO, 1:76. Treni za Uingereza zenyewe ni nyembamba, mota za zamani zilikuwa hazienei ndani, wakavimbisha mwili reli wakaiacha vilevile. Ukiitazama kwa mbele utaona, baba mzima kavaa suruali ya mtoto.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi jioni nilikuwa kwa bimkubwa Igogo, kule juu kwenye mawe, treni ikawa inaingia Mwanza South. Kaka, kichwa kilikuwa kidogo kama kidole changu. Nikajiuliza hii ni skeli gani? Nikapiga hesabu hapohapo: HO ukiiangalia ukiwa mita moja ni kama umesimama mita 87 kutoka kwenye treni yenyewe. N ni 1:160, kwa hiyo mita 160. Z ni 220. Kichwa cha mita 16 kwenye HO kinakuwa sentimita 18 hivi, kwenye N 10, kwenye Z 7 na kidogo. Yaani mimi siku zote nahangaika kwamba nina saizi zisizooana, kumbe nilichonacho ni umbali! Ukiweka HO mbele ya meza, N katikati, Z kule nyuma ukutani chini ya mlima wa mawe wa maboksi, jicho linaamini kabisa kwamba ile ya nyuma iko mbali, inaelekea stesheni ya Fela huko. Nimejaribu usiku uleule, nimewaita watoto wainame macho yalingane na meza, mdogo akaniuliza ile ya nyuma itafika saa ngapi.

Na ile meli yetu ya kubeba mabehewa, MV Umoja, ile ni karibu mita 90, kwa HO ningehitaji mita nzima ya meza, shemeji yako angenihama. Kwa Z ni sentimita 41 tu. Inaenea ziwani.

Halafu zile reli za TT, sasa nicheke mimi. Geji yake ni milimita 12. Reli yetu hii ya zamani, iliyofika Mwanza 1928, upana wake ni mita moja. Gawa kwa 87 ya HO, unapata milimita 11 na nusu. Kumi na mbili hiyo! Na TAZARA je? Yao ni milimita 1067, ukigawa unapata 12 na robo, nayo inakaa humohumo. Pale Kidatu, TAZARA inapokutana na reli yetu, mzigo unashushwa huku unapakiwa kule sababu reli hazilingani, ila mezani kwangu tofauti haifiki hata milimita moja. Na SGR, ile reli mpya ya kisasa, milimita 1435, inakuja 16.5 kamili, reli za Hornby zinamtosha. Sasa hapo niuze nini?

Kwa hiyo nimeanza behewa la daraja la tatu kwa karatasi ngumu juu ya zile bogi mbili, mota hakuna, nasukuma kwa kidole, naona raha tu.

Ombi langu moja. SGR huku bado tunaisubiri, wewe unaipanda kwenda Dodoma kama daladala. Nipigie picha behewa moja ubavuni, usimame katikati sio pembeni, na mtu asimame karibu nalo uniambie urefu wake, nitapimia humo. Usimtumie yule rafiki yako mrefu, anadanganya urefu wake.

Dagaa za bimkubwa nimezipakia kwenye basi la kesho asubuhi, boksi limefungwa kamba ya bluu. Ukishatoa dagaa boksi usilitupe kaka, likunje uje nalo Desemba, ile karatasi yake ni ngumu haswa, inatoka mabehewa manne.

Nduguyo wa Mwanza