Sista, haya wayajua

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, babako yuko baharini, na punda wa jirani bado hulia saa tisa usiku kama ulivyomwacha. Umeniuliza mguu una nini, maana dadako amekwambia nachechemea. Hakukudanganya.

Siku ile nilivua kandambili nitie udhu, nikaona damu. Nikageuza unyayo: msumari, huu wa mafundi wa jahazi, umezama chini ya kidole gumba. Nimetembea nao tangu asubuhi, pengine tangu jana yake, sijahisi kitu. Nilikaa pale bombani mpaka ndoo ikafurika. Somo hilo la ganzi ya miguu iletwayo na sukari nimewasomesha wagonjwa miaka 22.

Na sukari niliijua. Miezi minane nyuma, zamu ya usiku, wodi ya wazazi kimya, nilijidunga kidole kupima sukari: 13.8. Nikajiambia nimetoka kula embe, vidole vina utamu. Nikanawa kwa sabuni, nikadunga kingine: 14.1. Basi stripi za kupimia zimeharibiwa na joto! Mtu anayeamka kukojoa mara nne usiku, akapima akapita 11.1, hata wewe wa mwaka wa kwanza wa udaktari wajua ana nini. Angekuwa mgonjwa wangu ningemkaripia. Mimi nilifunga mashine kwenye droo, nikaenda kunywa chai ya vijiko vitatu.

Kutibiwa nyumbani sikutaka. Mji wetu waujua, kabla sijafika uwanja wa Mkunguni wangeshanipa pole. Nikavuka na boti hadi Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, mpaka Mombasa, hospitali moja nisiyoitaja. Foleni tangu alfajiri. Daktari, kijana wa rika lako, akafungua faili akaona kazi: muuguzi. Uso ukamlegea kwa raha. "Ah, sista, haya wayajua." Akaandika metformin, vidonge vya sukari, akaita mwingine. Mguu hakuutazama. Niliuficha chini ya buibui nikingoja aulize, naye akingoja niseme.

Sikusema kwa haya, mwanangu. Nitamuulizaje mtoto yule kama ganzi hii itaondoka, na mimi ndiye niulizwaye?

Nje kwenye benchi palikuwa na mama wa Garsen, ana sukari kama mimi. Alimganda muuguzi wa kliniki kama kupe. Dawa ni kabla ya chakula ama baada? Aliuliza mara tatu, akajibiwa mara tatu: pamoja na chakula, isikusokote tumbo. Na Ramadhani? Asingoje mwezi uandame, aje wiki sita au nane mapema, dawa zipangwe upya. Na miguu? Aikague kila usiku, asitembee pekupeku hata chumbani. Mimi nimetega sikio kama mwizi. Ikafika zamu yangu nikavua kiatu. Muuguzi yule alisafisha kidonda, akanidunga sindano ya pepopunda, akanieleza yote tangu mwanzo. Kazi yangu hakuiuliza, nami nikanyamaza.

Kwenye basi ndipo nilipomkumbuka mwalimu mmoja wa Kizingitini, niliyemzalisha mwaka juzi. "Wewe mwalimu, utaelewa," nilimwambia, nikampa karatasi ya kunyonyesha nikaenda kwa mwingine. Alirudi siku ya tano, ziwa limevimba jekundu, homa juu. Akasema aliona haya kuuliza. Nilimcheka. Nilimcheka mbele ya wenzangu.

Kidonda kimefunga. Sukari ya asubuhi yacheza 7 na 8, na mkate wa sinia nimemwachia babako, anaufurahia kupita kiasi. Kazini nimewaambia mwenyewe. Mkunguni najua wanalo, na walizungumze.

Ukija Idi niletee stripi pakiti mbili, lakini tazama tarehe kabla hujalipa. Halafu jioni, ukishapumzika, unikague nyayo, kwa maana kwenye kioo sioni vizuri bila miwani. Uniulize yote unayomuuliza mgonjwa usiyemjua, hata yale ya kukojoa. Nitajibu.

Mamako