Jeli ya ganzi sio ya mtoto anayeota meno

Mhariri, huku Mtwara mjini mtoto akianza kuota meno tu mama anakimbilia duka la dawa kununua jeli ya ganzi anampaka kwenye fizi, boksi lenyewe hata halisomwi. Jamani, jeli yenye dawa ya ganzi iitwayo benzokaini asipakwe mtoto wa chini ya miaka 2, Marekani walishatoa onyo 2018, inaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu, mtoto anahema juu juu, hapo ni hospitali ya Ligula saa hiyohiyo. Fizi zisugue taratibu kwa kidole kisafi. Na sisi wakubwa tupake kidogo, tusile cha moto mdomo ukiwa na ganzi. Wauzaji nao, tafadhali, ulizeni umri wa mtoto kabla ya kutoa dawa.