Barua ya kufunga muhula: soko la awali, makande, na lile gunia

Wazazi na walezi wangu, assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Karatasi mtoto atakuletea, ila kwa kuwa najua karatasi zetu nyingi zinaishia kufungia karanga pale getini nimeona niiweke na huku kwenye grupu la WhatsApp, asije mtu Julai akaniambia mwalimu mimi sikupata.

Nianze na raha maana tuko Tanga. Waliokuja Alhamisi wameona wenyewe, ambao hamkuja poleni sana. Darasa la awali walifungua soko, soko kweli, na meza na kelele zake, mafungu ya mchicha na matembele waliyoyachuma wenyewe asubuhi kwenye bustani ya shule, nyanya, mapapai, kisamvu kilichotwangwa kabisa, na pesa zao ni vizibo vya soda. Sasa kuna mtoto mmoja wa kike, mfupi hata meza inamzidi, yeye ndo alikuwa muuza matembele. Mgeni wetu kutoka kata akaja akanunua fungu la vizibo vitatu, akatoa vitano, akaondoka makusudi bila kudai chenji aone itakuwaje. Yule mtoto akateremka kwenye kigoda chake, akamfuata mpaka kule mbele walikokaa wakubwa, "Babu chenji yako," akamhesabia mkononi kimoja, viwili, halafu kabla hajaondoka akamwambia, "Na uyaoshe kwanza ndo uyakate, usikate ndo ukaosha." Ukumbi mzima kicheko, mgeni mwenyewe alishindwa kuendelea na hotuba. Na hiyo ya kuosha kwanza hakuna aliyempanga aiseme, kaikamata jikoni kwetu, maana mboga ukishaikata vitamini C inaondoka na maji ya kuoshea unayamwaga chini.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu wapo wazazi, na wengine mko humu humu kwenye grupu, mnaosema awali wanacheza tu, mtoto wa awali hata asipokuja hapotezi kitu, bora abaki ashike mdogo wake mama aende gengeni. Jamani. Tano kutoa tatu ni nini kama si hesabu? Zile kona za kujifunzia mnazozipita darasani mkasema ni takataka, vizibo, vibuyu, mahindi ya kupanga, ndo vifaa vyenyewe. Huko Marekani, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan, mwaka 1962 walianza kuwafuatilia watoto 123 wa familia maskini, wengine wakaingizwa shule ya awali ya namna hii ya mtoto kujifunza kwa kutenda, wengine hawakuingizwa, wakawafuata mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Wale waliosoma awali wengi zaidi walimaliza sekondari, wakapata kipato kizuri zaidi, na kesi za polisi zikawa chache kwao. Ila msikilize na hili ambalo watu hawalisemi sana, walimu wa kule walikuwa wanawatembelea wazazi nyumbani kila wiki. Mimi walimu wa kutosha kupita nyumba kwa nyumba sina, ndo maana nawaita nyie mje, na mkiitwa hamji.

Sasa lile la mwezi wa tatu. Walikuja vijana wa chuo, wana barua ya mkurugenzi, wanapima urefu na uzito wa watoto wa awali na darasa la kwanza, wanauliza mtoto jana ulikula nini. Kesho yake darasa la awali nusu tupu. Kumbe mtaani zimepita habari kwamba wanatoa damu, ni mumiani. Mumiani gani huyo anakuja na mzani na ubao wa kupimia urefu saa nne mchana, anasaini kitabu cha wageni na chai anakunywa na walimu? Kile kipimo ni cha kuangalia udumavu, yaani mtoto urefu wake haulingani na umri wake, na kwa macho hauoni, mama anasema mwanangu mzima tu, mfupi kama babu yake. Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, zamani kidogo 2015/16 walikuwa 34, tumeshuka lakini bado. Na mtoto aliyedumaa haathiriki kimo peke yake, na kujifunza kunakuwa kuzito. Mengi yanaanzia tumboni na ile miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo nyie wenye vichanga mgongoni hii barua ni yenu pia msiseme ya wakubwa wenu tu.

Na lile swali la jana ulikula nini, nilikaa pembeni nikasikiliza. Chai na andazi. Chai na mhogo. Bada, yaani ugali wa mhogo, na mchuzi, halafu chai. Sijasema mhogo mbaya, mimi Mtanga, mhogo wa nazi hata sasa hivi ukiuleta naula, ila mhogo unashibisha na kutia nguvu, kujenga mwili haujengi sana. Chai nayo ukiinywa papo hapo na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Machungwa ya Muheza yamejaa njia nzima msimu ukifika, mpe mtoto chungwa baada ya kunde au maharage, linafanya kinyume cha chai, linasaidia ile chuma iingie. Wizara imetoa makundi sita ya chakula, mabango yapo zahanati, na kundi hata moja halihitaji kwenda supamaketi.

Ndo maana makande yetu mwaka huu yana dagaa. Wenzetu Kenya, wilaya ya Embu, kuanzia 1998 walifanya utafiti kwenye shule 12 za msingi, watoto wakapewa githeri, ndo makande haya haya, wengine ikiwa na nyama, wengine na maziwa, wengine imeongezwa mafuta tu, wengine hawakupewa kitu. Waliokula yenye nyama ndo walioongoza kwenye mtihani wa kufikiri, na hata uwanjani ndo waliokuwa wanachangamka na kuongoza wenzao kwenye michezo. Nyama kila siku mimi nitaitoa wapi, lakini dagaa wa soko la samaki la Deep Sea tunao, ukiwakausha vizuri na kuwasaga hata mtoto mchaguzi hajui kala nini. Wiki ya kwanza waliziba pua. Sasa hivi mama wa jikoni anasema ukichelewa unakuta sufuria limekwanguliwa.

Bustani nayo naisifu. Maji ya kunawa mikono yanakwenda kwenye matuta, maganda yanakwenda kwenye shimo la mboji, mbegu za mchicha tunazikausha wenyewe hatununui tena. Maharage tunaloweka usiku yale maji tunayamwaga, yanaiva upesi na gesi inadumu, maana kuni hazitakiwi tena kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, hilo ni agizo na mnalijua. Vyoo vya wasichana vimeshapakwa rangi. Madawati bado. Sare mashati yawe meupe, si krimu.

Haya, sasa tuongee kwa sauti nyingine kidogo.

Mchango wa chakula tulikubaliana kwenye mkutano, nyie wenyewe mlinyoosha mikono, muhtasari upo na saini zenu zipo, shilingi 5,000 kwa mwezi au ukipenda ulete mahindi na maharage. Waliotoa mpaka mwisho nawashukuru na majina yenu ninayo. Wasiotoa pia majina yenu ninayo. Jibu ninalopewa kila siku ni elimu bila ada, mwalimu, serikali ilishasema. Ni kweli ilisema, tangu 2016 ada hakuna na ruzuku ya uendeshaji inakuja, ila ruzuku ni ya chaki na karatasi na ukarabati, hakuna mahali imeandikwa ni ya uji wa mwanao. Mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni wa 2020 umesema wazi mzazi ana sehemu yake. Na mnajua fika kwamba mtoto sitamrudisha nyumbani kwa mchango, hairuhusiwi na hata ingeruhusiwa nisingefanya, kikombe atapewa. Sasa hapo ndo baadhi yenu mmepata mwanya. Mnajua hatanyimwa, kwa hiyo mnakaa kimya, mama mjane wa watoto watatu anamlishia mwanao wewe mwenye simu ya bei kuliko gunia la maharage. Aliyekwama kweli aje ofisini, mlango hauna kufuli, wapo waliokuja wakapalilia bustani, wapo walioleta nazi, wapo wanaokuja kupepeta mahindi, wote nimewaandika wametoa na sina neno nao. Neno ninalo na wale wa kimya.

Na gunia. Nilisema nitalia nalo kwenye barua na leo nalilia.

Mwezi wa nne mzazi mmoja, simtaji, mwenyewe anajijua na walimu wote wanamjua, alileta gunia la mahindi kufuta deni lake lote. Tukashukuru, tukampigia makofi hata. Mwalimu wa stoo ana kawaida yake haandiki kitu mpaka apige bambo, kile kichuma cha kuchoma gunia kutoa punje za ndani, akapiga bambo juu, mahindi meupe safi yanang'aa. Akapiga katikati. Ikatoka vumbi. Tukamwaga gunia lote pale kwenye turubai, juu kumewekwa tabaka la mahindi mazuri kama debe moja hivi, chini yake yote yameshikana mabonge, punje zina ukungu wa kijani na njano, harufu ya kusinya. Huo si uchakavu wa stoo, huo ni mpangilio. Mtu kakaa chini nyumbani kwake akapanga mabaya chini mazuri juu, akijua yanakwenda kwenye midomo ya watoto, na wa kwake yumo.

Alipoitwa unajua alisema nini? "Si yatapikwa mwalimu, moto unaua kila kitu." Wazazi wangu, moto hauui sumukuvu. Ukungu wenyewe unaweza kufa lakini sumu uliyoiacha haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikula mahindi ya namna hii, 20 walifariki. Na anayekula kidogo kidogo haanguki leo, linaharibika ini, inakuja kansa ya ini baadaye, na kwa watoto wataalamu wanaihusisha sumu hii na huo huo udumavu tuliokuwa tunapimwa. Yaani sisi tunahangaika na dagaa na mchicha na vijana wa chuo, mtu anatuingizia sumu kwa mlango wa nyuma halafu anataka risiti.

Tuliyateketeza mbele ya kamati. Wakatokea wa kusema mngewapa kuku. Kuku nao wanadhurika, na ng'ombe akilishwa sumu inatokea kwenye maziwa, ambayo atakunywa nani?

Kwa hiyo kuanzia Julai utaratibu ni huu na sijadiliani na mtu. Kila gunia, kila debe, kila kilo mbili, inamwagwa kwenye turubai mbele ya aliyeleta na mjumbe mmoja wa kamati. Hakuna kuacha getini na kumtuma bodaboda. Yakiwa na ukungu hayapokelewi na hayarudi nyumbani, yanateketezwa, na deni linabaki pale pale. Mnaolima, hapa kwetu pwani unyevu ni mwingi, msikaushe mahindi juu ya udongo mtupu, tandikeni turubai, yakauke mpaka punje uking'ata inavunjika kwa mlio, muweke juu ya chaga yasiguse sakafu wala ukuta. Mnaonunua sokoni ingizeni mkono mpaka chini. Chambueni punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, hapo mmeshapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Dona ni nzuri kuliko sembe nasema kila mwaka, lakini ni dona ya mahindi safi, yakiwa na mashaka bora ukoboe.

Yule mzazi deni lake lipo vile vile na siku ya kufungua namtaka ofisini na mwenyekiti wa kamati atakuwepo. Asipokuja jina lake litasomwa kwenye mkutano, nimeshaongea na mtendaji wa mtaa.

Ripoti za watoto zina tarehe ya kufungua, someni na upande wa nyuma mahudhurio ya Ijumaa, kuna watu Ijumaa zao zote zina duara jekundu. Awali waje na kikombe kimoja chenye jina na vizibo mtakavyookota likizo, vya kijani vinahitajika zaidi, soko limeishiwa na chenji.

Mwalimu Mkuu
Tanga, Juni