Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Shule: kuhusu lile sweta

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninafundisha darasa la elimu maalumu lenye wanafunzi 11: wengine wana usonji, wengine ulemavu wa akili, wawili mtindio wa ubongo, na mmoja uoni hafifu. Muhula uliopita mkaguzi wako alikaa kwangu dakika 20, kisha akaandika kwenye fomu kwamba somo halikufuata andalio na kwamba mwalimu alipoteza muda kumvalisha mwanafunzi sweta.

Sikuwa ninamvalisha. Nilikuwa ninafundisha. Kazi ya kuvaa sweta tumeigawa hatua 7, na tunaanzia mwisho. Mwanzoni nilifanya hatua 6 mimi, nikamwachia binti moja tu: kuvuta pindo mpaka kiunoni. Amemaliza yeye, anapigiwa makofi yeye. Akishaizoea, ninamwachia mbili za mwisho, halafu tatu. Ukianzia mwanzo, kichwa kinakwama shingoni mwa sweta, mtoto analia, mtu mzima anamalizia. Na kesho anakaa tu akisubiri kumaliziwa. Wakati mkaguzi anatazama saa yake, binti yule alikuwa anaingiza mkono wa kushoto bila kushikwa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki 6. Nilitamani kupiga kelele. Fomu yako haina mahali pa kuandika jambo hilo.

Aliuliza pia kuhusu picha zilizobandikwa ukutani, akidhani ni mapambo. Ile ni ratiba. Kila mtoto ana mstari wake wa picha. Akimaliza kazi anabandua picha yake na kuitia kwenye bahasha. Kwa mtoto asiyeelewa neno "baadaye", bahasha ndiyo inayomwambia kwamba jambo limekwisha na kuna lingine linafuata. Kitu kikibadilika, mathalani mvua imezuia michezo, tunabadilisha picha kabla ya wakati wenyewe kufika. Tukisahau, asubuhi yote imeharibika, na hapo kosa ni letu.

Nikueleze na la daftari, maana fomu inauliza kama nina "udhibiti wa nidhamu", ndiyo au hapana. Nina kijana wa miaka 9 aliyekuwa anarusha madaftari. Kila mtu alimwita mtundu. Tukachora safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata. Kwa wiki mbili alirusha mara 14, na mara 11 kati ya hizo alikuwa amewekewa ukurasa mzima wa hesabu. Safu ya tatu ilikuwa na maneno yaleyale karibu kila mstari: ametolewa nje. Kwa hiyo sisi wenyewe tulikuwa tunamlipa. Alitaka kukimbia ukurasa, akarusha, tukamfungulia mlango.

Tuliukata ukurasa vipande vya hesabu tatu tatu, tukampa kadi ya kuomba mapumziko. Akiitoa, anapumzika dakika 2 kwa kipimasaa cha mchanga anachokiona mwenyewe, halafu anarudi kwenye kipande chake. Siku za kwanza aliitoa kila baada ya hesabu moja. Mwalimu msaidizi akaniambia, "Huyu anatuchezea." Nikamwomba tumwachie, kwa sababu lazima kwanza aamini kwamba kadi inafanya kazi kuliko kurusha. Baada ya hapo tukaanza kumtaka amalize hesabu mbili ndipo aitoe, kisha tatu. Sisemi amepona. Siku niliyougua, mwalimu wa zamu alikusanya kadi zote akidhani ni vitu vya kuchezea, na nilisikia kwamba madaftari yaliruka tena.

Huyo mwalimu msaidizi alihamishwa kutoka kwangu katikati ya muhula, bila hata siku moja ya kukabidhiana. Naomba hilo lisirudiwe. Darasa hili halibebwi na mtu mmoja. Asubuhi tunakaa dakika 10 kabla watoto hawajaingia, tunagawana nani anasimamia kona ipi na nani anaandika daftari. Tunapokezana pia watoto, kwa sababu mtoto anayekaa na mtu mzima mmoja kutwa huacha kunyanyua hata penseli mpaka aguswe kiwiko. Mgeni hawezi kuyajua hayo kwa kuonyeshwa mlango na kupewa funguo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unataka mwanafunzi apate msaada unaomfaa yeye binafsi. Mimi nina mpango wa kila mtoto ndani ya kabati. Mkaguzi hakuuomba hata mmoja. Aliomba andalio la somo, moja kwa watoto 11. Ningefurahi angeichambua ile mipango, hata kwa ukali, kwa sababu mingine inastahili. Nimewahi kuandika "ataboresha mawasiliano", maneno ambayo hayapimiki hata kidogo. Siku hizi ninaandika: ataomba maji kwa kadi bila kukumbushwa, mara 4 kati ya 5, siku 3 mfululizo. Hapo yeyote anaweza kuja na kalamu akahesabu.

Basi ninachoomba ni fomu ya madarasa yetu imwelekeze mkaguzi achague watoto wawili, asome mipango yao, kisha akae awatazame hao wawili kwa saa nzima. Syllabus ya darasa zima aiache kwa siku hiyo. Na aje mapema, watoto wanapoingia, kwa kuwa nusu ya kazi yangu imo katika ile robo saa ya kutundika mabegi.

Ukiamua kuja mwenyewe, nitafurahi sana, ila nijulishe siku moja kabla. Najua ukaguzi wa kushtukiza una sababu zake. Lakini nina kadi ya mgeni, na inapaswa kuwa ukutani kabla hujafika. Kiti chako kitakuwa karibu na dirisha, mbali kidogo na kona ya kupumzikia. Kijana wa madaftari huenda akaja kukugusa saa ya mkononi, mwache aiguse.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la elimu maalumu