Idhini ya tovuti itolewe kwenye simu, si kwenye picha ya ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna taasisi zetu zinavyoagiza tovuti, hasa pale mchoro wa dizaina unapokabidhiwa kwa mjenzi ili augeuze kuwa tovuti inayofanya kazi. Kwa utaratibu uliozoeleka, mchoro huoneshwa kwa projekta mbele ya menejimenti, wajumbe huagiza nembo iongezwe ukubwa, idhini hutiwa saini, na sehemu kubwa ya malipo huidhinishwa papo hapo. Kinachobaki huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya kuiweka hewani. Mimi ninaishi kwa kazi hiyo inayoitwa ndogo, na hoja yangu ni kwamba saini hiyo hutiwa mapema mno na juu ya kitu kisicho chenyewe.

Mchoro una upana mmoja, mara nyingi piseli (nukta za kioo) 1440, na kila kilichomo kimekaa mahali pake pa kudumu. Kivinjari hakifanyi kazi hivyo. Chenyewe hupokea maandishi pamoja na maelekezo ya mpangilio, kisha hupanga ukurasa upya kwa kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye simu. Kwa kipimo hicho hicho, simu nyingi za bei nafuu zina upana wa 360 tu. Safu tatu zilizopendeza ukutani lazima zishuke moja chini ya nyingine, na hapo linazuka swali ambalo mchoro haukulijibu: ipi itangulie, tangazo la mkurugenzi au fomu ambayo mwananchi ameifuata? Wapo wanaoufananisha mchoro huu na ramani ya nyumba, lakini nyumba haibadiliki upana kila anapoingia mgeni.

Haya si mambo mapya. Katika miaka ya 1990 michoro ilikatwa vipande vya picha na kupangwa ndani ya majedwali ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na utaratibu huo ulivumilika kwa kuwa karibu wasomaji wote walitumia kompyuta za mezani. Mei 2010, mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alichapisha makala iliyopendekeza ukurasa mmoja unaojirekebisha kwa kila kioo, kwa kutumia gridi na picha zinazonyumbulika pamoja na masharti yanayopima upana wa kioo, yaliyoandikwa kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Leo wajenzi kote duniani hufuata njia hiyo. Hadidu za rejea ninazoletewa, hata hivyo, bado zinadai tovuti "ifanane na mchoro ulioidhinishwa", kana kwamba kioo ni kimoja.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa tovuti za Kiswahili, kwa sababu michoro mingi hutengenezwa kwa violezo vya Kiingereza. Chukua mfano wa ukurasa wa mikopo wa chama kimoja cha akiba na mikopo nilioletewa niujenge. Katika mchoro, kitufe kiliandikwa "Apply", herufi tano zilizokaa vizuri katikati ya duara dufu la kijani. Maneno halisi yalikuwa "Wasilisha maombi ya mkopo". Yaligawanyika mistari miwili, kitufe kikavimba, na kiwango cha riba kilichokuwa pembeni kikasukumwa nje ya kioo. Jina la mwanachama kwenye mchoro lilikuwa fupi na la neno moja, ilhali daftari la chama lina watu wenye majina matatu, kila moja refu. Hakuna aliyekosea kuchora. Aliyechora hakupewa maneno, akajaza maneno ya Kilatini yasiyo na maana, ya kushikia nafasi tu, kama ilivyo desturi ya fani yake.

Vivyo hivyo kuna hali ambazo mchoro haugusi kabisa. Fomu huchorwa ikiwa imejazwa kikamilifu, lakini hatuoneshwi inakuwaje mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya simu, au mtandao ukikatika baada ya kubonyeza kitufe, wakati yeye hajui kama maombi yamefika au la. Wala mchoro hauelezi taarifa hizo zinahifadhiwa wapi na nani atazisoma, jambo ambalo tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si la kuachiwa fundi peke yake.

Picha nazo zina gharama. Picha kubwa ya juu, ile ya watu wanaotabasamu, ikiwekwa kama ilivyotoka kwa mpiga picha inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, na anayeilipia ni msomaji kwa kifurushi chake. Pale namba ya simu na viwango vya ada vinapochorwa ndani ya picha, asiyeona hasomewi chochote na programu yake ya sauti, na anayeona hawezi kuigusa namba ili apige. Kuhusu herufi za kijivu chepesi juu ya weupe, ambazo madizaina wanazipenda sana, miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu tovuti kutumika na watu wenye ulemavu pia, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Katika jua la saa saba mchana hata uwiano huo ni mdogo.

Ninapendekeza taasisi zibadilishe vifungu vitatu tu katika mikataba yao. Maandishi halisi ya Kiswahili yakabidhiwe kabla dizaina hajaanza kuchora. Idhini ya mwisho itolewe juu ya kurasa zinazofunguka katika simu ya kawaida yenye mtandao wa kawaida, na mmoja wa wajumbe ajaze fomu hadi mwisho. Na dizaina alipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake tovuti inapokamilika, ili awepo mjenzi anapomuuliza kipi kishuke na kipi kibaki. Sasa hivi, swali hilo linapozuka, yeye ameshalipwa na yuko kwenye kazi nyingine.

Mjenzi wa tovuti,
Morogoro