Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege wa Barabara ya Rondo

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama ndege,

Wazee wetu shikamooni, na wengine hamjambo. Katibu ameniomba nisizidishe kurasa mbili, kwa hiyo ya fedha nayapita haraka: ada zilikusanywa kwa mbinde kama kawaida na nyingi zikaishia kwenye dizeli. Mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe.

Mimi nina neno na barabara ya Rondo, ile inayopanda uwanda wa juu mkoani Lindi.

Mnakumbuka tulivyobishana mwanzoni mwa mwaka. Tumezoea Mikindani na Msimbati, kwa sababu ndege wa ufukweni hawamchoshi mtu: ni wakubwa, wako wengi, wamesimama mchangani mchana kweupe. Nikasema mwaka huu tupande juu, tuwatafute wale wadogo wahamao. Wengine mlinuna, lakini mkakubali, nami nawashukuru. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba tulipanda mara nne kutoka bonde la Lukuledi, mpaka kule juu, zaidi ya mita 800, ambako asubuhi unavaa sweta na huku Lindi wanatoka jasho.

Tulichagua miezi hiyo kwa sababu ndipo Ulaya na Urusi baridi inapoingia, wadudu wanakwisha, na ndege wanaowategemea wanashuka kusini. Wengi wao husafiri usiku. Kukipambazuka wanashuka popote penye majani na chakula, na kona za barabara ile zinapata jua mapema. Tena ukisimama kona ya juu, vilele vya miti ya bondeni viko usawa wa macho yako. Shingo zetu za uzeeni zilishukuru.

Safari ya kwanza tulikuwa watano. Ni msimu wa korosho, simlaumu mtu aliyekwenda mnadani. Waliokuja walimwona yule mdogo ambaye Waingereza humwita willow warbler, wa kijani iliyopauka, tumbo la manjano hafifu, asiyetulia hata sekunde, anayeita “huu-iit” kama anauliza swali. Huyo huzaliana kuanzia Ulaya hadi Siberia, na uzito wake ni gramu 9 hivi. Niliposema ni sawa na korosho ghafi mbili, mwanachama mmoja hakuniamini, akaenda kuzipima kwenye mizani ya dukani. Amenyamaza tangu siku hiyo. Tulimwona pia yule wa kijivu mwenye michirizi kifuani, spotted flycatcher kwa Kiingereza, anayekaa wima kwenye kijiti, anachomoka kudaka nzi na kurudi palepale. Mbayuwayu walipita juu yetu karibu kila safari, na safari ya tatu keremkerem, wale walanyuki, walisikika kabla hatujawaona, wako juu mno.

Safari ya pili ilikuwa ya ukungu mtupu. Hatukuona kitu, na nimeagiza iandikwe hivyo hivyo daftarini, pamoja na tarehe na saa. Siku isiyo na ndege nayo ni taarifa.

Ukungu huo ulimpa kijana wetu mmoja wazo la kuwasha taa kubwa usiku ili ndege washuke. Hakulitoa hewani: kule Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwavisha pete za utambulisho ndege wahamao wanaovutwa na taa usiku wa ukungu. Lakini wale wana nyavu, vibali na mikono iliyofunzwa. Sisi tungewachosha bure wasafiri walio njiani. Nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Sasa lililonigusa zaidi, na lina aibu yangu ndani yake. Msitu wa Rondo, pamoja na ule wa Litipo, una mhamiaji wake mwenyewe: mkesha wa madoadoa, kama tulivyozoea kumwita humu chamani (spotted ground thrush kwa Kiingereza). Kifua cheupe kina madoa meusi, bawa lina mistari miwili ya vitone vyeupe, na kazi yake ni kupekua majani makavu chini ya miti. Huzaliana huku kwetu wakati wa mvua, na miezi yetu ya baridi, katikati ya mwaka, huonekana pwani ya Kenya, Gede na Arabuko-Sokoke. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Sisi tunahesabu wageni wa Ulaya, na mwenyeji anayesafiri hatumjui.

Novemba nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nimemwona. Mzee wetu aliyekuwa mlinzi wa msitu akatazama picha, akaniambia taratibu, “Mwanangu, hilo ni kinda la kurumbiza.” Kweli, makinda yake nayo yana madoa. Nilifuta tangazo, ila ninyi mlikuwa mmeshalisambaza.

Kwa hiyo napendekeza mwakani tuingie Litipo na Rondo mvua zikianza, tukiongozwa na mzee huyo, kibali kikiombwa miezi miwili kabla. Safari ya barabarani ibaki Jumamosi ya pili ya Oktoba, Siku ya Ndege Wahamao Duniani, korosho au hakuna korosho.

Darubini ya chama iko kwa mjumbe mmoja tangu safari ya tatu. Anajijua. Aje nayo kwenye kikao kijacho, na kifuniko chake.

Mwenyekiti