Mendel hakupika hesabu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya Jumapili iliyopita, iliyosema kuwa Gregor Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, alipika takwimu na kwamba wanasayansi wamekuwa wakimfichia siri. Nimefundisha Baiolojia kwa miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo hapa Lushoto, na maneno hayo yameniuma. Yameniuma zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumfundisha mtoto kupika takwimu, tena kwa jina la Mendel huyohuyo.

Ilikuwa mwaka 1991. Shule yetu haikuwa na maabara, ila bustani ilikuwepo, na njegere kwetu si mgeni. Nilinunua sokoni njegere kavu za mviringo, na kwenye duka la pembejeo nikapata aina nyingine ambayo mbegu zake zikikauka huwa na makunyanzi. Masika tukazipanda zote mbili.

Aliyewahi kufungua ua la njegere anajua kazi yake. Ndani kuna petali mbili zilizoungana kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo kuna stameni kumi, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua. Ukisubiri ua lifunguke umechelewa, limeshajichavusha lenyewe. Inabidi ulipasue likiwa bado changa, uzing'oe stameni zote kumi kwa kibano bila kuumiza kitu, kisha ulipakaze chavua ya mmea wa pili na kulifunga ua kwa mfuko wa kitambaa ili nyuki asije akakuharibia. Wanafunzi wangu waliharibu maua mengi kabla mikono haijazoea. Mbegu tulizovuna zilikuwa za mviringo zote, hata kunyanzi moja hatukuliona. Mwezi Julai tukazipanda bondeni, tukamwagilia, tukaacha maganda yakaukie kwenye mimea, maana makunyanzi hayaonekani mbegu ikiwa mbichi. Siku ya kufungua nakumbuka darasa lilivyonyamaza. Katika ganda moja, mbegu nne za mviringo na moja imekunjamana, zimekaa bega kwa bega. Sifa iliyopotea kizazi kizima ilikuwa imerudi, haina hata dalili ya kuchanganyika.

Kila mwanafunzi alipewa mmea wake ahesabu. Kijana mmoja akaleta mviringo 19, makunyanzi 14. Kitabu kilisema tatu kwa moja, yaani mviringo tatu kwa kila kunyanzi moja. Nikamwambia arudi akahesabu vizuri. Akarudi na 19 na 14. Nikamrudisha tena, safari hii kwa sauti ya ukali. Mara ya tatu akaleta 24 na 8. Mbegu 33 zilikuwa zimegeuka 32. Niliona, Mhariri, na bado nikaweka alama ya vema.

Miaka kadhaa baadaye nilipata tafsiri ya Kiingereza ya andiko la Mendel mwenyewe, lile alilolisoma kwa sehemu mbili, Februari na Machi 1865, mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha mji wa Brünn, ambao leo ni Brno katika Jamhuri ya Czech, na likachapishwa 1866. Nilitarajia kukuta tatu kwa moja kila mstari. Nilichokuta ni Mendel akieleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba mmea wake mmoja ulitoa mbegu 43 za mviringo na 2 tu za makunyanzi, na mwingine ukatoa 14 za mviringo na 15 za makunyanzi. Kumi na nne kwa kumi na tano! Hesabu mbaya kuliko ya yule kijana wangu, na mwenyewe ameichapisha.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nafundisha. Tatu kwa moja haikai ndani ya mmea mmoja. Kila mbegu hupata sehemu moja ya urithi kutoka kwa chavua na sehemu moja kutoka kwa yai, na ipi itakutana na ipi ni kama kurusha sarafu mbili: makunyanzi huonekana tu zote mbili zikiwa za makunyanzi, wastani mara moja kati ya nne. Ukirusha mara chache, lolote linaweza kutokea. Ndiyo maana Mendel hakuishia kwenye mimea kumi. Kwa umbo la mbegu peke yake alitumia mimea 253, akahesabu mbegu 7,324: mviringo 5,474, makunyanzi 1,850. Gawanya mwenyewe utapata 2.96. Kwa rangi alihesabu 8,023: njano 6,022, kijani 2,001. Alifanya kazi hiyo tangu 1856 hadi 1863, kwenye kipande cha bustani ya abasia, yaani nyumba ya watawa alikoishi, huku akifundisha shule.

Wala hakuwa wa kwanza kupandikiza chavua ya njegere moja kwenye nyingine. Thomas Knight alikuwa ameshafanya hivyo Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Mwingereza mwingine, John Goss, katika miaka ya 1820 aliona rangi iliyopotea ikirudi kizazi cha pili, mbegu za rangi mbili ndani ya ganda moja, kama tulivyoona sisi. Jambo lilikuwa mbele ya macho yake. Hakuhesabu.

Sasa nije kwenye tuhuma. Makala yenu ilimtaja R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, na ni kweli mwaka 1936 aliandika kwamba hesabu za Mendel, zikijumlishwa, ziko karibu mno na zinazotarajiwa. Hoja yake ina uzito na siipuuzi. Mfano ni pale Mendel alipotaka kujua ni mimea ipi yenye sifa iliyojitokeza inabeba ile iliyojificha. Alipanda mbegu kumi kumi za kila mmea. Alitarajia mimea miwili inayobeba kwa kila mmoja ulio safi. Lakini kwa mbegu kumi tu, takriban mmea mmoja kati ya kila kumi na nane inayobeba utakudanganya, utaonekana safi kumbe si safi. Kwa hiyo jumla ilipaswa kupungua kidogo chini ya mbili kwa moja, na ya kwake haikupungua. Kuhakikisha leo ni vigumu, kwa sababu baada ya kifo chake mwaka 1884 makaratasi yake yalichomwa.

Lakini mwandishi wenu aliacha mambo mawili. Kwanza, katika majaribio hayohayo, kundi moja la mimea 100 lilimpa Mendel 60 kwa 40, mbali na alichotarajia. Aliandika 60 kwa 40. Akasema amerudia jaribio, akapata 65 kwa 35, akaiandika na hiyo. Pili, Fisher mwenyewe hakumwita Mendel mwongo. Alidhani huenda alidanganywa na msaidizi fulani aliyejua vizuri mno jibu linalotakiwa.

Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka yule kijana wa 19 na 14. Msaidizi anayejua jibu linalotakiwa namfahamu, maana nilimtengeneza mimi, kwenye dawati la tatu upande wa dirishani.

Na kanuni yenyewe ilisimama bila kumtegemea Mendel. Mwaka 1900, yeye akiwa kaburini miaka kumi na sita, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria walichapisha matokeo yanayofanana na yake. Kuanzia hapo kila mwenye bustani na subira ameweza kuhesabu upya. Hata sisi, tulipojumlisha mimea ya darasa zima, na 24 na 8 ya uongo ikiwemo, tulipata karibu tatu kwa moja. Ingekuwa hivyo hata kama ningeiacha 19 na 14 ilivyokuwa.

Naomba basi, Mhariri, mzichapishe hizi 43 kwa 2, 14 kwa 15 na 60 kwa 40 mahali palepale mlipochapisha ile tuhuma. Na walimu wenzangu mlio kazini, mtoto akileta 19 na 14, mwachieni aiandike hivyo kwenye daftari lake, kisha mjumlishe na za wenzake ubaoni. Mbegu za aina zote mbili bado ninazitunza. Mwalimu wa huku milimani anayezitaka aje na bahasha kabla ya masika.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Lushoto, Tanga